Shangazi wa Vitabu anajibu: Twilight imewakosea nini watu?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 19. Nimemaliza vitabu vyote vinne vya Twilight, na cha mwisho nilikifunga saa tisa usiku huku nalia. Tatizo langu ni watu. Kaka yangu akiona jalada tu anaangua kicheko, na hajasoma hata ukurasa mmoja. Rafiki yangu wa chuoni, ambaye amesoma vyote, anasema vitabu vile ni sumu kwa wasichana na kwamba Edward ni mwanaume wa kukimbiwa. Wengine wanasema vimeandikwa vibaya. Mimi nimevipenda, basi. Naomba unieleze, hawa watu wamechukizwa na nini hasa? Au mimi ndiye nimepungukiwa na akili?*
Mpenzi wa Edward

Marahaba mwanangu. Akili zako ziko timamu, na kulilia kitabu saa tisa usiku si ugonjwa. Ila hao wanaokusumbua si kundi moja, na ukiwapa wote jibu moja utawaonea baadhi yao.

Kaka yako tummalize haraka. Huyo hachukii kitabu, anachukia kelele za wanaokipenda. Stephenie Meyer alitoa kitabu cha kwanza cha mapenzi haya ya Bella, msichana wa kawaida, na Edward, vampaya, Oktoba 2005, na kufikia Agosti 2008, cha nne kilipotoka, kule Marekani wasichana walikuwa wakikesha kwenye maduka ya vitabu wakisubiri saa sita ya usiku ifike. Nakala zilizouzwa zilipita milioni 100. Filamu ya kwanza ilikuja Novemba 2008, ya tano ikafunga kazi mwaka 2012, na zote kwa jumla ziliingiza zaidi ya dola bilioni 3. Kitu kikishapendwa kiasi hicho na mabinti wa miaka 15, na mama zao wakaingia humo humo, hakikosi wa kukibeza. Mwaka 2009 kwenye Comic-Con, lile kongamano la mashabiki wa vibonzo kule San Diego, wapo waliobeba mabango kulalamika kwamba Twilight imewaharibia shughuli yao. Yaani mahali ambapo watu wazima huenda wamevaa majoho ya mashujaa wa katuni, kituko kikawa ni binti anayemlilia Robert Pattinson, mwigizaji wa Edward! Kaka yako mwache acheke.

Rafiki yako wa chuoni ni habari nyingine. Huyo amesoma, na alichokiona kimo.

Chukua *Eclipse*, kitabu cha tatu, sura za mwanzo. Bella anataka kwenda La Push kumwona rafiki yake Jacob. Edward hataki aende. Alice, dada yake Edward mwenye kuona yajayo, ameshamtonya. Bella anaingia kwenye lile pikapu lake kuukuu, anazungusha ufunguo, gari kimya. Kugeuka, Edward amekaa kiti cha pembeni, mkononi ana kipande cha injini, anakigeuzageuza. Amekifungua yeye. Hagombi, hapandishi sauti. Kwa upole kabisa anamwambia kwamba kama hataki amtembelee usiku ule, afunge dirisha tu, yeye ataelewa. Bella anapanda chumbani kwa hasira, analibamiza dirisha. Halafu anashusha pumzi, analifungua tena, wazi kabisa.

Mimi kazi yangu ni kusahihisha miswada, kwa hiyo hata riwaya za kujistarehesha nazisoma na penseli mkononi. Pembeni ya ukurasa ule niliandika: "Kwa nini amelifungua?" Kitabu hakijiulizi swali hilo hata kidogo. Kinapita. Mbele kidogo Edward anamhonga Alice gari la Porsche, la njano, ili amshikilie Bella nyumbani kwao wakati yeye amekwenda kuwinda. Na tangu kitabu cha kwanza alishakiri kwamba karibu kila usiku huingia chumbani kwa Bella na kumtazama akiwa amelala, kabla hajakaribishwa na mtu. Unakumbuka Bella alishtushwa na nini aliposikia hivyo? Kwamba huenda ameropoka kitu usingizini. Hilo tu ndilo lililomtia aibu.

Najua utetezi wake. Edward ni vampaya, alizaliwa mwaka 1901, anasoma mawazo ya watu, na Jacob na wenzake ni watu wanaogeuka mbwamwitu, hatari kweli. Sawa. Sasa mwondolee damu, nguvu na huo umri, uone anayebaki: kijana aliyechomoa kifaa kwenye gari la mpenzi wake ili asiende kwa rafiki yake. Yupo mwanamke anayemjua kijana huyo kwa jina, amewahi kuishi naye. Akisoma kipande kile haoni mapenzi, na huwezi kumwambia kwamba amekosa ucheshi.

Wala usidhani Jacob ni afadhali. Katika kitabu hicho hicho anambusu Bella kwa nguvu. Bella anamtwanga ngumi, mkono unaovunjika ni wa kwake mwenyewe, na baba mtu, ambaye ndiye mkuu wa polisi wa mji, anampongeza kijana! Pale penseli yangu ilitoboa karatasi. Miaka ile mashabiki waligawanyika, huku Timu Edward, kule Timu Jacob. Mimi nilikuwa natafuta Timu Bella Aende Chuo, sikuiona. Tena tumpe Edward haki yake, ndiye aliyekuwa akimhimiza aombe nafasi chuoni Dartmouth. Mwenyewe Bella hakuwa na habari. Alichotaka ni kuumwa, awe vampaya, yaishe.

Ipo shutuma moja ambayo siikubali. Kwenye *New Moon*, kitabu cha pili, Edward akishamwacha Bella, zinafuata kurasa tupu zenye jina la mwezi peke yake: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Wakosoaji wanasema hapo wasichana wanafundishwa kwamba bila mwanaume maisha husimama. Mimi nasema zile ndizo kurasa bora kuliko zote alizotoa Meyer (na hazina maneno, najua, chekeni). Mtu aliyeachwa akiwa na miaka 18 hivyo ndivyo miezi inavyompita, na riwaya haina wajibu wa kumwonyesha akiwa amechangamka. Lawama yangu inaanza ukurasa unaofuata. Bella anagundua kwamba akijiweka hatarini anaisikia sauti ya Edward, basi anapanda pikipiki, anaruka kutoka kwenye jabali hadi baharini, na katika kuamka kwake kote hapati hata kitu kimoja ambacho ni cha kwake. Hana anachosomea, hana ndoto, hana hata uchovu wa kumsubiri huyo mtu.

Kuhusu uandishi: Stephen King, bingwa wa riwaya za kutisha, alisema waziwazi mwaka 2009 kwamba Meyer hajui kuandika. Maneno makali mno. Dosari anazo. Uzuri wa Edward unasifiwa kila anapotokea mlangoni, utadhani tulikwisha usahau tangu ukurasa uliopita. Kifua cha marumaru, tabasamu la upande mmoja, macho ya dhahabu, na tunaanza upya. Muswada ule ungepita mezani kwangu, nusu ya sifa hizo zingebaki chini ya meza. Lakini kumzuia msomaji asilale hadi saa tisa usiku nako ni uandishi, na wapo wenye sentensi safi wasioliweza hilo hata kwa dawa.

Kinachonikera mimi binafsi ni kingine, na nashangaa hakitajwi sana. Katika hadithi hii hakuna anayelipa. Tangu zamani hadithi za vampaya zina bei: unapata uzima wa milele, unapoteza kitu ambacho hakirudi. Meyer anatutangazia bei hiyo kwa vitabu vitatu. Tunaambiwa Bella akigeuka hatamwona tena baba yake, kwamba vampaya mpya hupagawa na kiu muda mrefu na hafai kukaa karibu na watu, kwamba hatazaa kamwe. Tunafika *Breaking Dawn*, kitabu cha nne. Baba anaendelea kuja kumtembelea. Kiu anaimudu tangu siku ya kwanza, mpaka vampaya wenzake wanashangaa. Mtoto anampata kabla hajageuka, na mtoto mwenyewe anakua salama. Wakubwa wa vampaya, Volturi, wanavuka theluji na jeshi lao zima baada ya sisi kuandaliwa kwa mamia ya kurasa, wanafika, watu wanazungumza, wanaaga, wanaondoka. Hata watengeneza filamu waliliona pengo hilo. Mwaka 2012 wakaingiza vita, vichwa vikaruka, sinema nzima ikapiga mayowe, kumbe ni maono tu ya Alice.

Hata Jacob, aliyemkosa mama, anapewa mtoto. Hapo ndipo mashabiki wa kweli kabisa walipoanza kutazamana. Mbwamwitu wa Meyer hupatwa na kitu ghafla, akamwona mtu mara moja na akawa amefungwa kwake maisha yote, na Jacob anapatwa nacho kwa Renesmee, mtoto wa Bella, akiwa kichanga, siku ile ile ya kuzaliwa. Kitabu kinajitetea: mwanzo atakuwa kaka kwake, baadaye rafiki, mengine yatasubiri binti akue. Utetezi nimeuelewa. Tumbo langu bado linaukataa.

Kwa hiyo wewe na rafiki yako mnagombania kitu kimoja. Kitabu kinampa Bella kila alichotamani na hakimdai chochote. Kwako hiyo ni raha, na raha ya namna hiyo mtu anaihitaji, hasa mwenye miaka 19 na mitihani. Kwake yeye ni ulaghai. Sioni kwa nini mmoja wenu ashindwe.

Meyer mwenyewe aliwasikia. Mwaka 2015 alitoa *Life and Death*, hadithi ile ile ila vampaya ni msichana na binadamu ni mvulana, akieleza kwamba Bella haokolewi kwa kuwa ni mwanamke bali kwa kuwa ni binadamu kati ya viumbe wenye nguvu kupita kiasi. Jibu zuri, linamaliza nusu ya hoja. Nusu ya pili, ile ya kipande cha injini, haibadiliki hata ukibadilisha jinsia. Halafu mwaka 2020 akatoa *Midnight Sun*, mambo yale yale kwa macho ya Edward. Humo utamkuta siku ya kwanza ile, kwenye darasa la bailojia, akipiga hesabu jinsi ya kuua darasa zima ili ainywe damu ya msichana mmoja. Kisome, kisha uniandikie tena. Nataka kujua kama utatia saini kwa jina lile lile.

*Shangazi, mimi sina maneno mengi. Vampaya akipigwa na jua anaungua na kuwa majivu, kila mtu anajua. Huyu wa kwao anang'aa kama almasi. Huo si uharibifu wa mila?*
Mzee wa Sinema za Kutisha

Ndugu yangu, mila unayoitetea si ya zamani unavyodhani. *Dracula* ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, ina vampaya anayetembea London mchana kweupe. Jonathan Harker, mmoja wa wahusika, anamwona mtaa wa Piccadilly kwa macho yake. Mchana ulimpunguzia nguvu tu, haukumuua. Jua la kuua limeletwa na *Nosferatu*, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Kwa hiyo sheria hiyo wameitunga watu wa sinema, na Meyer naye akatunga yake. Alikuwa na ruhusa sawa na yao.

Tena ameitumia vizuri zaidi ya wanavyomsifia. Kwa kuwa jua linawaumbua mbele za watu, vampaya wake wanalazimika kuishi penye mawingu. Meyer aliingia kwenye intaneti kutafuta sehemu yenye mvua nyingi Marekani, akauangukia mji wa Forks, jimbo la Washington, ambao wakati huo alikuwa hajawahi kuukanyaga. Mji mdogo wa wakata magogo, mvua haikatiki, miti imeota kuvumwani ya kijani hadi kwenye matawi. Ondoa kule kung'aa na Forks inaondoka, na Forks ikiondoka, kitabu cha kwanza kinabaki bila hewa yake.

Ila nakuunga mkono kwa jambo moja. Jua kwa vampaya lilikuwa laana, naye kaligeuza urembo. Ni lile lile nililomwambia binti hapo juu, sitalirudia.

*Shangazi, hao Waquileute wa akina Jacob ni watu wa kweli au wa kutunga? Nimesikia wenyewe wana malalamiko.*
Msomaji

Ni watu wa kweli, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na kijiji chao cha La Push kipo, kwenye pwani ya Pasifiki, mwendo mfupi kwa gari kutoka Forks. Haya ndiyo malalamiko mazito kuliko yote kuhusu Twilight, na ndiyo yaliyosikika kidogo kuliko ya almasi.

Waquileute wana simulizi yao ya asili. Mbadilishaji aitwaye Q'wati aliwageuza mbwamwitu kuwa watu, na watu hao ndio wao. Basi. Kijana kugeuka mnyama akipandwa na hasira, mkataba na vampaya, kufungwa kwa mtoto mchanga, hayo yote ni ya Meyer, lakini kwa kuwa alitumia jina la kabila lililo hai, wasomaji kibao waliyachukua kuwa ndiyo dini yao. Watalii walifurika, mapambo na fulana zenye jina lao zikauzwa na watu wa mbali, na wao hawakuombwa ruhusa wala hawakupata fungu katika mapato ya vitabu na filamu. Walishirikiana na Makumbusho ya Burke ya Seattle kuandaa maelezo ya kutenganisha ukweli wao na riwaya. Wakati dunia inabishana kuhusu Timu Jacob, Waquileute wenyewe walikuwa wanahangaikia ardhi ya juu, maana kijiji kilikuwa usawa wa bahari na tsunami ingekuja wasingekuwa na pa kukimbilia. Mwaka 2012 ndipo ilipopita sheria ya kuwapa ardhi iliyokuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Olympic ili wahamie.

Na ndani ya kitabu mtazame Emily. Uso wake una makovu marefu upande mmoja, kwa sababu Sam, mchumba wake, alipandwa na hasira akageuka mbwamwitu wakati amesimama karibu naye. Bella anaonywa asiyakodolee macho. Emily anaoka mikate kwa vijana wote, Sam anaingia, anambusu juu ya makovu yale, na sisi tunatakiwa tuone jinsi wanavyopendana. Vampaya weupe wamejaliwa kujizuia karne nzima. Wanaume wa kabila la watu wa asili ndio wasioweza kuzuia mikono yao. Sisemi Meyer alikaa akapanga iwe hivyo. Nasema ndivyo ilivyotoka, na mhariri wake alikuwa na penseli.

*Shangazi, binti yangu wa miaka 13 ameomba nimnunulie vitabu hivi. Nasikia Marekani vimewahi kupigwa vita maktabani. Nimkatalie?*
Mama Mwenye Wasiwasi

Ni kweli, Chama cha Maktaba cha Marekani kiliviweka kwenye orodha yake ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2009, na tena 2010. Sababu moja iliyotajwa ilikuwa ngono, nyingine dini. Kichekesho ni kwamba kundi la pili la wakosoaji lilikuwa linalalamika kinyume chake kabisa: kwamba Meyer, ambaye ni muumini wa kanisa la Wamormoni, amejaza mahubiri ya kujitunza. Edward anakataa hadi wafunge ndoa, na wanafunga kweli. Kwa hiyo kama hofu yako ni mambo ya kitandani, vitabu vitatu vya kwanza vina kubusiana na kutamani, havina zaidi.

Mnunulie cha kwanza, na nawe ukisome. Cha pili na cha tatu vifuate mkiwa mmezungumza. Cha nne mngojeshe. Sehemu ya kujifungua ina mifupa inayovunjika na baba anayempasua mama kwa meno ili kumtoa mtoto, na hiyo nimewahi kuwaona watu wazima wakiiruka.